Sindano za makunyanzi: kope langu limelala, na haya ndiyo ningeuliza kabla sijachomwa

Mwanakheri (mleta mada)

Wakuu salaam,

Nina miaka 47. Tangu niko binti nina ndita mbili katikati ya nyusi, zimesimama kama namba 11. Mtu asiyenijua akiniona hudhani nimenuna. Kazini nimeulizwa mara zisizohesabika, "Dada, leo kuna nini?" na hakuna kitu, uso wangu ndivyo ulivyo. Zamani zilikuwa zinatokea nikikunja uso tu. Miaka miwili hii zimebaki hapo hapo hata nikitoka usingizini. Nikaamua kuchoma Botox, sindano inayotokana na sumu iitwayo botulini.

Leo ni siku ya 19. Siku ya 4 ndita zilianza kulegea nikafurahi sana. Siku ya 7 niliamka kope la jicho la kushoto limeshuka, limefunika nusu ya mboni. Nikajaribu kulinyanyua, halinyanyuki. Nilijua ni kiharusi. Nikakimbilia hospitali na khanga yangu ya kulalia. Daktari wa zamu akanipima nguvu za mikono na miguu, akaniambia nitoe ulimi, nitabasamu, nihesabu. Akasema si kiharusi. Ndipo akaniuliza, "Ulichomwa dawa gani, na yuniti ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijui.

Nilielekezwa kwa mchomaji na rafiki. Nilifanyiwa sebuleni kwake. Bomba la sindano lililetwa likiwa limeshajazwa, sikuona kichupa, sikuona boksi, na sikuuliza. Mimi ambaye nikienda kununua dawa ya kikohozi nasoma tarehe ya mwisho mara mbili. Nilipompigia baada ya kope kushuka alisema nikande kwa maji ya moto, kisha akaacha kupokea simu.

Basi siku zote hizi nimekaa nasoma, hasa karatasi ya maelekezo inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambayo kumbe kila mtu anaweza kuisoma. Nayaandika hapa niliyoyaelewa, na wenye taaluma wanisahihishe.

Kwanza, sindano hii si ya ngozi. Ni ya misuli. Ukikunja ndita, kuna misuli midogo inayovuta nyusi zikutane na mwingine unaovuta katikati kwenda chini. Ngozi iliyo juu yake inajikunja kama karatasi. Ukiikunja miaka thelathini, alama inabaki. Dawa inachomwa kwenye misuli hiyo, inaingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu na kuzuia kemikali iitwayo asetilikolini isitoke. Asetilikolini ndiyo inayopeleka amri ya "jikaze". Amri isipofika, msuli unapumzika, na ngozi iliyo juu inatandazika.

Kwa hiyo inafanya kazi vizuri kwenye mikunjo inayotokana na kukunja uso: ndita, mistari ya paji la uso, na ile inayotawanyika pembeni mwa macho ukicheka. Kunyanzi lililokwishachimba na kukaa hata uso ukiwa umetulia linapungua, lakini huenda lisifutike lote. Na ngozi iliyolegea au mashavu yaliyobonyea, hiyo dawa haina habari nayo.

Huanza kuonekana baada ya siku 2 hadi 5, hukamilika kama wiki 2, na hudumu miezi 3 hadi 4 hivi. Baadaye mishipa inarudisha mawasiliano na msuli unaamka. Ukitaka kuendelea, unachoma tena.

Jambo ambalo limeniuma zaidi kulijua: hakuna dawa ya kuifuta ikishaingia. Ikikaa pasipotakiwa, unasubiri.

Nimeandika haya kwa sababu nikipita mitandaoni naona picha za "kabla" na "baada" tu. Siku ya 7 hakuna anayeiweka.

---

Neema

Pole sana dada Mwanakheri. Hapo kope litarudi kweli au ndiyo basi tena? Nami nina miadi wiki ijayo, sasa nimeingia hofu.

---

Tabibu wa Ngozi

Dada Mwanakheri pole, na umeeleza vizuri kuliko wengi. Mimi ni daktari wa ngozi, nimefanya sindano hizi miaka kadhaa. Nina machache ya kuongeza.

Neema, litarudi. Kope linalolala baada ya sindano ya ndita ni tatizo linalojulikana. Katika majaribio ya Botox kwenye sehemu ya katikati ya nyusi lilitokea kwa takriban 3% ya waliochomwa, na hao walichomwa na madaktari wenye uzoefu. Nyuma ya kope la juu kuna msuli mmoja mwembamba wenye kazi ya kulinyanyua. Dawa ikichomwa chini mno, au ikiwa nyingi na nyepesi mno, au mtu akisuguliwa mara baada ya kuchomwa, inaweza kupenya ikaufikia. Ndiyo maana maelekezo yanataka sindano za juu ya nyusi zikae angalau sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa wa jicho. Sentimita moja, ndiyo hiyo inayotenganisha furaha na kilio.

Mara nyingi kope hupanda lenyewe ndani ya wiki chache, mapema kuliko ndita kurudi, kwa kuwa kiasi kilichofika kwenye msuli ule ni kidogo. Wakati wa kusubiri kuna matone ya macho ya apraclonidine. Yanachochea msuli mwingine mdogo ulio kwenye kope hilo hilo, nao hulinyanyua kama milimita 1 hadi 2. Nafuu yake ni ya saa chache na si ya kujinunulia tu, maana mwenye matatizo ya moyo au presha anahitaji kuangaliwa kwanza. Muone daktari wa macho akuandikie.

Kukanda kwa maji ya moto hakusaidii chochote. Usikande.

Sasa hili nataka kila anayepita hapa alisome. Kope moja kulala ni kero. Lakini mtu aliyechomwa akianza kupata shida ya kumeza, sauti kubadilika, kuona vitu viwiliviwili, pumzi kuwa nzito, mwili kuishiwa nguvu au mkojo kumtoka bila kujijua, asisubiri kesho. Hizo ni dalili kwamba sumu imesambaa mbali na ilipochomwa, na zinaweza kuanza saa chache au hata wiki kadhaa baadaye. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, tangu 2009 inataka onyo hilo liwekwe ndani ya kisanduku cheusi kwenye maelekezo ya dawa zote za aina hii. Hospitalini kuna dawa ya kupinga sumu, ila inanasa ile inayozunguka kwenye damu tu. Iliyokwishaingia kwenye mishipa ya fahamu haiirudishi. Kwa hiyo kuwahi ndiko kunakookoa.

---

Mvumilivu

Samahani nitasema tofauti. Uzee si ugonjwa. Bibi zetu walikuwa na nyuso zilizoandikwa maisha yao yote na tuliwapenda hivyo hivyo. Dada yangu, ndita zako hazikukuumiza. Sasa jicho halifunguki. Kwa nini tuchome sumu mwilini ili tuonekane ambavyo hatuko?

---

Mwanakheri (mleta mada)

Mvumilivu, nimekusoma na nakuheshimu. Mama yangu aliniambia maneno hayo hayo, kwa sauti ya juu zaidi.

Ila sikutaka kuonekana wa miaka 25. Nilitaka mtu akinitazama aone nilivyo moyoni. Mimi ni mtu mchangamfu. Nimeishi miaka 30 na uso unaosema nimekasirika wakati sijakasirika, na watoto wa dada yangu walipokuwa wadogo walikuwa wananiogopa. Kuna mwenye kunyanzi analipenda, na ana haki. Kuna ambaye linamsemea uongo kila siku. Kosa langu silioni katika kutaka. Nililala kwenye kochi la mtu nisiyemjua, akanichoma kitu nisichokijua. Hilo ndilo najutia, na ndilo nimekuja kulisema.

---

Kichwa Kinagonga

Naomba niseme kwa upande wa Mvumilivu kuhusu neno "sumu". Mimi nina kipandauso sugu. Zaidi ya nusu ya siku za mwezi nilikuwa chumbani pazia limefungwa. Nachomwa Botox hospitalini kila wiki 12: yuniti 155 zinagawanywa sehemu 31, kuanzia paji la uso, ubavuni mwa kichwa, kisogoni hadi shingoni na mabegani. FDA waliidhinisha matumizi haya 2010. Si kwamba nimepona, lakini nimerudi kazini.

Na kwa kuwa sehemu za kwanza kuchomwa ziko kwenye paji na kati ya nyusi, ndita zangu zimepotea bila kuombwa. Jirani akaniuliza natumia mafuta gani.

Kila mara muuguzi ananionyesha kichupa kabla hajakifungua na kuandika namba yake kwenye faili langu. Nilidhani ni utaratibu wa makaratasi tu. Baada ya kusoma uzi huu nimeelewa.

---

Mpenda Historia

Mvumilivu anauliza kwa nini sumu. Ni swali zuri na lina hadithi ndefu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Ujerumani watu walikuwa wakifa baada ya kula soseji zilizoharibika. Daktari mmoja kijana aitwaye Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, akaanza kukusanya habari za wagonjwa wale. Akaandika dalili moja moja: kope kulala, mdomo kukauka, kushindwa kumeza, mwisho pumzi. Akajijaribu hata mwenyewe kwa dondoo la soseji hizo. Na mnamo 1822 akaandika kwamba kitu hiki, kikitumiwa kwa kiasi kidogo mno, huenda kikatibu magonjwa ya misuli inayojikaza ovyo. Mtu huyo hakujua bakteria ni nini, na alikuwa ameshaona tutakakofika.

Jina la sumu, botulini, limetoka kwenye neno la Kilatini la soseji, botulus.

Mwaka 1895 huko Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki waliopiga kwenye mazishi walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi, wengi wakaugua na 3 wakafa. Profesa Emile van Ermengem akamkamata mhusika: bakteria anayekaa pasipo hewa, leo anaitwa Clostridium botulinum.

Kisha miaka ya 1970 daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco alikuwa anatafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kupasua. Akaanza na nyani, halafu watu. Mwishoni mwa 1989 FDA wakaidhinisha dawa yake kwa makengeza na kope zinazojikaza zenyewe. Jina lake wakati huo lilikuwa Oculinum. Kampuni ya Allergan ikainunua na kuiita Botox.

Makunyanzi yaliingia kwa bahati. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, Kanada, alikuwa anamtibu mama mmoja mwenye kope zinazojikaza. Siku moja, 1987, yule mama akalalamika kwamba safari hii hakuchomwa kati ya nyusi, na pale akichomwa uso wake huwa na utulivu anaoupenda. Mume wa Jean, Alastair Carruthers, alikuwa daktari wa ngozi aliyekuwa anahangaika na wagonjwa wenye ndita. Wakaunganisha kazi zao wakachapisha 1992. FDA wakaidhinisha kwa ndita mwaka 2002, mikunjo ya pembeni mwa macho 2013, paji la uso 2017.

Nakipenda kisa hiki kwa kuwa aliyegundua ni mgonjwa. Alijitazama vizuri kwenye kioo akasema alichokiona.

---

Kisima

Wakuu mimi ni mwanaume, miaka 52, na paji langu lina mistari mitano mizima. Je, sisi nasi tunachoma? Na ni kweli uso unakuwa kama kinyago? Nimeona watu kwenye runinga hawanyanyui nyusi hata wakishangaa.

---

Tabibu wa Ngozi

Kisima, wanaume wanachoma na wanaongezeka. Misuli yenu kwa kawaida ni mikubwa, hivyo mara nyingi mnahitaji dozi kubwa kidogo.

Ila paji la uso ndilo sehemu ninayoiogopa kuliko zote, na nitaeleza kwa nini. Msuli wa paji ndio pekee unaonyanyua nyusi. Misuli mingine yote ya karibu inashusha. Ukiulaza wote, nyusi zinakosa wa kuzishika, zinashuka. Na watu wengi waliofika umri wako tayari kope zao ni nzito, wanatumia paji kunyanyua nyusi siku nzima bila kujua. Hiyo mistari mitano ni kazi halali inayofanywa na msuli wako ili uone vizuri. Nikiuzima, utarudi unaniambia macho yamekuwa mazito.

Ndiyo maana paji halichomwi peke yake. Kwa maelekezo ya Botox dozi ya paji ni yuniti 20 pamoja na 20 za ndita, ili vinavyovuta juu na vinavyovuta chini vipungue kwa pamoja. Pembeni mwa macho ni yuniti 24, 12 kila upande. Jumla 64. Daktari mzuri atakukalisha, atakuambia nyanyua nyusi, kunja ndita, fumba macho kwa nguvu, cheka. Atatazama zaidi kuliko atakavyochoma. Akikulaza moja kwa moja na sindano mkononi bila kukutazama ukicheka, ondoka.

Kinyago hutokana na kumimina nyingi kila mahali. Mimi huanza na kidogo, mtu anarudi baada ya wiki 2, tunaongeza panapopungua. Kuongeza kunawezekana. Kupunguza, kama dada alivyosema, hakuwezekani.

Na hizi yuniti si sawa kwa dawa zote. Botox na Dysport zote ni sumu ya aina A lakini kila kampuni inapima kwa kipimo chake. Ndita kwa Botox ni yuniti 20, kwa Dysport ni 50. Mchomaji akikuambia "nimekuchoma 50", bila jina la dawa umeambiwa nusu ya habari.

---

Neema

Daktari, sasa niulize nini hiyo wiki ijayo? Nieleze kama unamweleza mdogo wako.

---

Tabibu wa Ngozi

Mdogo wangu ningemwambia hivi. Omba kichupa kifunguliwe mbele ya macho yako. Botox haitoki kiwandani ikiwa maji. Ndani ya kichupa cha Botox kuna unga mkavu kidogo mno, pengine utadhani hakina kitu, ni utando tu chini. Huchanganywa na maji ya chumvi safi ya hospitali. Kichupa kina utupu ndani: sindano ya maji ikitoboa kizibo, maji yanavutwa yenyewe. Yasipovutwa, kichupa kile hutupwa. Kabla ya kuchanganywa kinakaa kwenye jokofu nyuzi 2 hadi 8, kikishachanganywa kinarudi huko huko, na maelekezo yanataka kitumike ndani ya saa 24. Kwa hiyo bomba lililokwishajazwa likitolewa kwenye mkoba halikuambii kitu: kilichomo, lini kilichanganywa, maji kiasi gani.

Piga picha boksi. Jina, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Picha moja tu. Siku mambo yakiharibika, swali la daktari wa zamu lina jibu.

Muulize anayechoma: nikipatwa na tatizo, nakuja wapi? Sikiliza anavyojibu hilo.

Na mweleze ukweli wako wote. Kama una ugonjwa wa misuli kuchoka kama miasthenia gravisi, dawa hii inaweza kuwa hatari kwako. Kama unatumia antibiotiki za sindano za aina ya gentamisini, sema, zinaongeza nguvu ya sumu. Dawa za kuzuia damu kuganda na hata aspirini huongeza damu kuvilia chini ya ngozi pale sindano ilipopita, ila usiache dawa ya moyo kwa ajili ya sindano ya urembo bila ruhusa ya aliyekuandikia. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asichome Dysport. Mwenye jipu au chunusi zilizoiva mahali pa kuchoma angoje zipone.

Ukishachomwa, usisugue, usikandwe uso siku hiyo, na kaa wima saa kadhaa. Kazi ndogo ndogo endelea nazo.

---

Mama Pacha

Nami ninanyonyesha wanangu wa miezi 5. Niliambiwa haifiki kwenye maziwa kwa kuwa ni kidogo. Ni kweli?

---

Tabibu wa Ngozi

Mama Pacha, mimi sichomi mjamzito wala anayenyonyesha. Ushahidi wa kumhakikishia mama hautoshi, na ndita hazina haraka. Wanao wakiacha kunyonya, zitakuwa zinakusubiri.

---

Salha wa Zamani

Mbona mimi rafiki yangu alichoma Botox midomo ikajaa na mashavu yakapanda? Tena ilikaa karibu mwaka. Hamjasema hiyo.

---

Tabibu wa Ngozi

Salha, hiyo haikuwa Botox. Alichomwa fila, na kuchanganya vitu hivi viwili kumeleta madhara mengi. Fila nyingi ni jeli ya asidi ya hialuroni, kitu ambacho hata mwili unacho. Yenyewe haigusi misuli, inajaza mahali palipobonyea na kunyanyua. Ndiyo inayotumika kwa midomo, mashavu, na mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo.

Faida yake: ya asidi ya hialuroni inaweza kuyeyushwa kwa sindano ya kimeng'enya kiitwacho hialuronidasi. Hatari yake: ikiingia kwenye mshipa wa damu inauziba. Ngozi inaweza kufa pale pale, na mishipa ya kati ya nyusi na pua ina njia inayounganika na ya jicho, hivyo watu wamepofuka, na upofu huo mara nyingi haurudi. Maumivu makali ya ghafla, ngozi kuwa nyeupe au kuwa na madoa kama ya marumaru, jicho kufifia, hiyo ni dharura ya dakika. Asiye na hialuronidasi mezani asishike sindano ya fila. Hili silegezi hata kidogo.

Dada Mwanakheri, ungechomwa fila katikati ya nyusi na mtu yule yule sebuleni kwake, uzi wako ungekuwa mwingine.

---

Mwanakheri (mleta mada)

Nimesoma hapo nikaishiwa nguvu. Sijui hata kama alichonichoma ni Botox.

---

Tabibu wa Ngozi

Kwa jinsi ndita zilivyolegea siku ya 4 na kope lilivyolala siku ya 7, ni sumu ya botulini, hilo sina shaka nalo sana. Kampuni gani na nguvu gani, hakuna anayeweza kukuambia sasa. Na hapo ndipo bandia zinapotisha. Aprili 2024 Marekani walitoa onyo baada ya watu 22 katika majimbo 11 kupata madhara, 11 kati yao wakalazwa. Wote walikuwa wamechomwa na watu wasio na leseni au mafunzo, au kwenye mazingira yasiyo ya hospitali kama majumbani na saluni, na baadhi ya dawa zilizokutwa zilikuwa bandia. Miaka 20 kabla, Novemba 2004 huko Florida, watu 4 walipooza mwili hadi kuwekwa kwenye mashine za kupumulia. Walichomwa sumu ya maabara isiyoruhusiwa kwa binadamu. Mmoja wa hao 4 alikuwa daktari mwenyewe aliyewachoma.

Sisemi haya kumtisha mtu. Dawa halisi, kwa dozi halisi, iko mbali sana na kiwango cha kuua. Makadirio ni kwamba mtu mzima angehitaji kama yuniti 3,000, na ndita ni 20. Usalama wote umekaa kwenye hilo pengo, na pengo lipo tu pale unapojua kichupa kina nini.

---

Mvumilivu

Daktari, nashukuru, nimejifunza. Bado sitachoma. Ila nauliza kwa ajili ya binti yangu, ana miaka 24 na anasema anataka kuanza "mapema ili yasije". Kuna ukweli?

---

Tabibu wa Ngozi

Kuna chembe. Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti ya mapacha wanaofanana: mmoja alichomwa mara kwa mara kwa miaka 13, mwenzake mara 2 tu. Yule wa kwanza hakuwa na mistari ya kudumu kwenye paji, mwenzake alikuwa nayo. Lakini hao ni watu wawili. Kwa miaka 24 hakuna mstari wa kutibu, na akianza leo atachoma kila miezi michache kwa miongo. Mwili wa baadhi ya watu hutengeneza kingamwili dhidi ya dawa ikaacha kufanya kazi, na kuchoma mara nyingi kwa dozi kubwa ni mojawapo ya vinavyosukuma huko. Ndiyo maana haturudii kabla ya miezi 3.

Mwambie binti anunue losheni ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, aipake kila siku na kuirudia akiwa nje. Jua ndilo linalozeesha uso kuliko kitu kingine chochote kilicho nje ya mwili, na sigara inafuata. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna melanini, rangi ya asili ya ngozi, inayotukinga, makunyanzi madogo hutuchelewa, lakini kukingwa si kutoguswa. Kwetu jua huanza kuonekana kwa madoa na rangi kutolingana. Usiku, akifika umri wa kujali zaidi, krimu ya tretinoini aliyoandikiwa na daktari husaidia mikunjo midogo, kwa subira ya miezi. Aanze taratibu, maana ikiunguza ngozi nyeusi huacha weusi unaokaa muda mrefu. Asitumie akiwa mjamzito.

---

Neema

Mrejesho: leo nilikwenda. Nikaomba nione kichupa. Dada wa mapokezi akasema dawa "imeshaandaliwa tangu asubuhi" na hawawezi kufungua kingine kwa ajili yangu. Nikauliza imeandaliwa saa ngapi na ni ya kampuni gani, akasema nisiwe na wasiwasi. Nimerudi nyumbani na ndita zangu. Asante Mwanakheri.

---

Mwanakheri (mleta mada)

Mrejesho, siku ya 58.

Daktari wa macho alinipa yale matone, yalinisaidia kuhudhuria harusi ya mdogo wangu bila kuegemeza kichwa nyuma kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Kope lilianza kupanda wiki ya 5, kila siku kidogo. Wiki iliyopita nilipima kwa rula mbele ya kioo, macho mawili yako sawa. Ndita bado zimelala.

Kisima aliniuliza pembeni kama nitachoma tena, na nitajibu hapa. Sijui. Nilikwenda kumuona daktari wa ngozi, mwingine si wa humu, kuzungumza tu. Alinikalisha dirishani akaniambia nikunje uso, nicheke, nifumbe macho. Akanionyesha kwamba nyusi yangu ya kushoto iko chini kuliko ya kulia, na kwenye picha zangu za zamani pia ilikuwa hivyo, mimi sijawahi kuona. Akasema pale kushoto sindano inatakiwa ikae juu kidogo. Kisha akafungua jokofu, akanionyesha boksi, akanisomea namba, akalirudisha. Akaniambia nisirudi kabla miezi 3 haijatimia, na nikirudi nije na orodha ya dawa zote ninazotumia.

Ile orodha nimeshaiandika. Iko kwenye mlango wa kabati.